Mzigo wa Kichwani

Sisi tuliozaliwa milimani tunaijua mizigo. Tangu utoto mtu wa Rangwi huwaona mama zake wakipanda na kushuka vilima wakiwa na kuni, maji, kabichi na viazi vichwani, wengine wakielekea gulioni Lukozi, wengine wakirudi kutoka mashamba ya bondeni. Kwa kuwatazama tu mtoto hujifunza mambo matatu. La kwanza, kila kichwa kina kiasi chake. Ukikizidishia hakiendi mbali zaidi, bali mzigo huanguka. La pili, kuni thelathini zilizotawanyika hazibebeki, lakini kuni hizo hizo zikifungwa kamba zikawa tita moja, binti wa miaka kumi na miwili huziinua. La tatu, ngata haipunguzi uzito hata ratili moja, lakini bila ngata mzigo mdogo huumiza kuliko mkubwa.

Makala haya yanahusu mzigo mwingine, usioonekana kwa macho, ambao kila mtu huubeba ndani ya kichwa chake anapofikiri. Nimeutafakari kwa miaka mingi kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwatwika watoto wa watu mzigo huo. Nilifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa mwalimu mkuu. Sasa nimevuka miaka sabini, nalima viazi vyangu na kusoma ninachokipata. Mjukuu wangu mmoja aliyeko chuo kikuu huniletea maandishi ya wataalamu wa ubongo, nami huyasoma polepole, kamusi ikiwa ubavuni.

Hebu, ndugu msomaji, zidisha 17 kwa 6 bila kalamu wala kikokotoo. Aghalabu utafanya hivi: 10 mara 6 ni 60, 7 mara 6 ni 42, 60 na 42 ni 102. Ni kazi ndogo. Lakini wakati ulipokuwa ukitafuta 42, ile 60 ilikuwa wapi? Haikuwa katika karatasi, wala haikuwa miongoni mwa mambo unayoyajua siku zote, kama jina la mama yako. Uliishikilia kwa muda mfupi tu, kazi ilipokwisha ukaiachilia. Mahali pale pa kushikilia jambo huku ukilifanyia kazi nitapaita kumbukumbu ya kazi. Ni tofauti na ghala la kumbukumbu. Ghala ni kubwa mno; mimi bado nayakumbuka majina ya watoto wengi niliowafundisha mwaka 1971. Kumbukumbu ya kazi ni kijimeza kilicho mlangoni mwa ghala. Jambo jipya halina budi kupita juu ya meza hiyo kabla halijaingia ndani.

Meza hiyo ina ukubwa gani? Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyosifika sana, akieleza kwamba mtu mzima huweza kushikilia vitu saba hivi, wengine vitano, wengine tisa. Mwaka 2001 Mmarekani mwingine, Nelson Cowan, aliyapitia majaribio mengi akaona kwamba mtu akizuiwa kurudiarudia kimoyomoyo na kuvifunga vitu katika mafungu, hubaki na vinne tu hivi. Vinne! Watu wanatofautiana, naam, lakini hata profesa hana meza ya kuwekea vitu ishirini kwa wakati mmoja.

Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, mwaka 1974 walieleza kwamba meza hiyo ina sehemu zake. Iko sehemu ya sauti, ambamo tunajirudia maneno na namba kimoyomoyo. Hiyo huchukua kiasi cha maneno unayoweza kuyatamka kwa sekunde mbili hivi. Iko sehemu ya picha, ambamo tunaona njia, maumbo na mahali. Juu yao yuko msimamizi. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka manyapara wa mashamba ya mkonge kule chini Korogwe. Nyapara hakati mkonge. Yeye hugawa kazi, huita huyu, humsimamisha yule. Akiitwa pande tatu kwa mara moja, shamba zima husimama ingawa wakataji wana nguvu tele.

Sasa, mzigo ukiongezwa ubongo hufanya nini? Liko jaribio moja ambalo unaweza kulicheza na wajukuu wako jioni. Mtu huoneshwa herufi moja baada ya nyingine. Kwanza hutakiwa aseme tu aonapo herufi fulani. Halafu aseme kama herufi anayoiona ni sawa na ile iliyotangulia. Kisha kama ni sawa na ile ya mbili nyuma, na mwisho ile ya tatu nyuma. Hatua ya mwanzo ni mchezo. Hatua ya mwisho hukutoa jasho. Mwaka 1997 Todd Braver na wenzake huko Marekani waliwapa watu jaribio hilo wakiwa ndani ya mashine inayoupiga ubongo picha kwa nguvu ya sumaku, na kuonesha damu inaelekea wapi kwa wingi. Walikuta kwamba sehemu za mbele za ubongo, zile zilizo nyuma ya paji la uso, zilizidi kufanya kazi kadiri mzigo ulivyoongezwa. Basi jibu la kwanza la ubongo ni lile la mbebaji yeyote, yaani kukaza misuli.

Lakini kukaza kuna mwisho. Mwaka 2004 J. Jay Todd na René Marois waliwaonesha watu vidoa vya rangi, kimoja, viwili, vitatu, hadi vinane, wakawataka wavikumbuke kwa kitambo kifupi. Sehemu moja ya ubongo iliyo juu kuelekea kisogoni ilizidisha kazi yake mpaka idadi ilipofika vitatu au vinne. Baada ya hapo vidoa vikaongezeka, lakini kazi ya sehemu ile haikuongezeka tena. Jambo hili kila mwalimu angepaswa kulijua. Upo wakati ambapo mtoto amekwisha kutoa nguvu zote alizonazo, na fimbo, kelele au maneno ya aibu haviwezi kumwongezea chochote. Kwanza hofu yenyewe ni kitu cha tano kinachowekwa juu ya meza ya vitu vinne.

Jibu la pili la ubongo ni lile la tita la kuni. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa hisabati alitufundisha kuwapa watoto wa darasa la kwanza vijiti mia, wavihesabu, kisha wavifunge kumi kumi. Mtoto aliyekuwa akipotea kwenye vijiti thelathini na saba sasa huona matita matatu na vijiti saba. Wakati ule tulidhani tunafundisha makumi na mamoja tu. Kumbe tulikuwa tukifundisha njia kubwa ambayo akili ya binadamu huitumia kuukwepa udogo wa meza yake. Vitu havikupungua, vimefungwa pamoja, na msimamizi huliona tita kama kitu kimoja. Ndiyo maana namba ya simu yenye tarakimu kumi tunaiandika katika mafungu matatu, nne, tatu na tatu. Ukiiandika mfululizo, anayenakili huichungulia mara nne.

Mwaka 1980 huko Marekani walitoa taarifa ya mwanafunzi mmoja ambaye mwanzoni aliweza kurudia tarakimu saba tu, kama mimi na wewe. Alifanya mazoezi kwa saa zipatazo 230 katika muda wa mwaka mmoja na nusu na zaidi. Mwisho aliweza kusomewa tarakimu 79 akazirudia zote kwa taratibu yake. Je, meza yake ilikuwa imepanuka? La hasha. Kijana huyo alikuwa mkimbiaji, na ghala lake lilijaa nyakati za mbio. Akisikia tarakimu nne alizifunga kuwa muda wa maili moja au muda wa mbio nyingine anayoijua. Walipombadilishia wakampa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye sita hivi. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza mchezo wa kompyuta kwa ahadi ya kuikuza akili nzima ya mtoto wako, mkumbuke mkimbiaji huyo kabla hujafungua mfuko.

Mfano wa kwetu ni bao. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Anayejifunza huhesabu kete moja moja kwa macho, na kabla mtaji haujafika mwisho amesahau alianzia wapi. Fundi huona kundi la mashimo kwa pamoja, kama unavyoutambua uso wa jirani yako bila kuhesabu macho na pua. Mholanzi Alex de Voogt alijifunza kwa mafundi wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya ufundi huo na mipaka ya akili. Kwa upande wa sataranji, Wamarekani William Chase na Herbert Simon walionesha mwaka 1973 kwamba fundi akioneshwa kwa sekunde chache mchezo wa kweli, huweza kuipanga upya sehemu yake kubwa. Lakini vipande vikitawanywa ovyo, humzidi mwanafunzi kwa kiasi kidogo tu. Meza yake ni ile ile. Tofauti ni kamba alizonazo za kufungia.

Jibu la tatu ni mazoea. Anayejifunza kuendesha baiskeli kwenye njia zetu hizi hawezi kuongea, maana msimamizi ameshikwa na usukani, breki na mawe. Baada ya mwaka mmoja anashuka mlima huku akisimulia habari. Kazi imeondoka mezani ikawa ya miguu na mikono. Hii ndiyo faida ya jedwali la kuzidisha. Wapo wanaodharau kukariri, na ni kweli kwamba kukariri bila kuelewa ni kujaza gunia makapi. Lakini mtoto ambaye 7 mara 6 inamjia yenyewe anabaki na meza yake nzima kwa ajili ya swali lenyewe.

Jibu la nne ni kuweka mzigo chini, yaani kuandika, kuchora, kuhesabu kwa vidole, kupanga vijiti. Kuna walimu wanaomwona mtoto anayetumia vidole kuwa ni duni. Nionavyo mimi, ni mtoto mwenye busara, kwa kuwa amepata meza ya pili. Na kama majibu yote manne hayapatikani, hubaki la tano: ubongo huacha kitu kianguke. Aghalabu hauchagui cha kuangusha, wala mwenyewe hapati taarifa. Hujikuta tu amesimama katikati ya swali, mikono mitupu.

Ndugu msomaji, pengine utaniuliza kwa nini mstaafu wa Rangwi ajisumbue na hayo yote. Sababu ni watoto wetu wanapopanda kutoka shule ya msingi kwenda sekondari.

Mtoto wa hapa huanza kusema kwa Kishambaa. Akiingia darasa la kwanza hukuta Kiswahili, ambacho siku hizi amekwisha kukisikia redioni na dukani, kwa hiyo katika miaka miwili au mitatu huwa chake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, nami katika utumishi wangu wote nilifundisha sayansi, hisabati na maarifa kwa lugha hiyo. Kisha akiingia kidato cha kwanza mtoto yule yule hugeuziwa kila kitu kuwa Kiingereza, lugha ambayo huku kwetu hakuna anayenunulia chumvi. Jambo hili si geni. Tume ya Elimu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya Mheshimiwa Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza wakakuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini hadi leo sekondari zetu nyingi zinaendelea na Kiingereza.

Sikusudii kuirudia hapa vita ya siasa ya lugha. Wapo wenye hoja nzito pande zote, na mimi mwenyewe nataka wajukuu wangu wakijue Kiingereza sawasawa. Ninalotaka kusema ni dogo zaidi, nalo ni kile kinachotokea juu ya meza ya mtoto.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu wa pili alikuwa kidato cha kwanza katika shule ambayo sitaitaja. Shule ya msingi alikuwa akiongoza hisabati. Baada ya muhula wa kwanza alirudi na alama ambazo sikuwahi kuziona kwake, na maneno yaliyoandikwa pembeni yalisema kwamba ni mzito wa kuelewa. Mama yake, ambaye ni mkwe wangu, alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Baba, kama kijana ni mzito, kwa nini tumpotezee muda? Lukozi wanatafuta vijana wa kupakia mboga kwenye malori. Heri ashike kazi mapema." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, na ada ya hosteli na sare alikuwa akizitoa kwenye karoti zake.

Nikamwomba anipe jioni moja na kijana. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali, tukakaa jikoni karibu na moto. Nilimpa swali kwa mdomo, kwa Kiswahili: mkulima ana magunia 18 ya viazi; ameuza theluthi mbili; kila gunia lililobaki linajaza ndoo sita; je, atajaza ndoo ngapi? Alitazama moto kidogo, akasema, "Thelathini na sita, Babu." Kisha nikafungua kitabu chake cha shule, tukatafuta swali la mtindo ule ule kwa Kiingereza, tena lenye namba nyepesi zaidi. Alilisoma kwa sauti, neno moja moja. Alipofika mwisho alinyamaza. Nikamwuliza, "Umekwama wapi?" Akanijibu, "Babu, nikimaliza kusoma mwisho wa swali, mwanzo wake umeshaondoka."

Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kusikia mtu akiieleza kumbukumbu ya kazi kwa usahihi kuliko mtoto yule. Meza yake ilikuwa imejaa kabla hisabati haijafika. Kitu cha kwanza kilikuwa kutamka maneno mageni. Cha pili, kutafuta maana ya kila neno kwa Kiswahili. Cha tatu, kuyapanga maneno yale, maana mpangilio wa Kiingereza si wa kwetu. Cha nne kilikuwa hofu ya kuchekwa. Namba zenyewe zikasimama mlangoni. Mwalimu wake aliona mtoto asiyeweza kugawanya. Mimi niliona mtoto anayegawanya vizuri, ila hajapewa mahali pa kuweka namba.

Hapa mtu makini anaweza kunipinga, na nitamsaidia kunipinga. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walionesha kwamba wanafunzi wa Wales wanaojua Kiwelshi na Kiingereza walikumbuka tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kiwelshi, ingawa walijiona wanakijua Kiwelshi vizuri zaidi. Sababu ni kwamba tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu kutamkwa, na ile sehemu ya sauti hubeba sekunde mbili tu. Kiswahili nacho kina maneno marefu ya namba. Tamka mwaka 1967: elfu moja mia tisa sitini na saba. Mwingereza amekwisha kumaliza wewe ungali kwenye mia tisa. Je, basi Kiingereza si chepesi zaidi kwa ubongo?

Ni chepesi kwa yule ambaye ni chake. Wanafunzi wale wa Wales walikuwa wamekulia katika lugha zote mbili. Namba za Kiingereza ziliwatoka zenyewe, kama hatua za mtu anayeijua njia. Neno fupi ambalo maana yake hujaifikia ni zito kuliko neno refu ulilolinyonya pamoja na maziwa. Kijana wetu wa kidato cha kwanza hajafika hapo. Atafika, akipewa muda na kamba za kufungia.

Nilichomfanyia mjukuu wangu si muujiza. Kwanza tuliandika daftari la maneno ya hisabati, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, si zaidi ya matano kwa siku, akayasema mpaka yakamtoka bila kufikiri. Pili, nilimzoesha kutosoma swali lote kwa pumzi moja: asome sehemu, aandike namba au achore gunia, ndipo asogee mbele. Tatu, kabla ya kumpa swali jipya nilimwonesha la mtindo huo huo lililokwisha kufanywa hatua kwa hatua. Hilo la tatu lina msingi wake. John Sweller wa Australia alieleza mwaka 1988 kwamba mwanafunzi anayepapasa peke yake katika swali gumu huweza kuitumia akili yake yote katika kupapasa, asibaki na chochote cha kujifunzia njia. Aoneshwe njia kwanza, ndipo atembee mwenyewe.

Mama yake alikubali kungoja muhula mmoja, kisha mwingine. Kijana hakuwa wa kwanza darasani, wala simwandiki hapa kama shujaa. Alipanda akafika katikati, akabaki shuleni, na kidato cha tatu hakuhitaji tena lile daftari. Hakuhamia Lukozi. Lakini najua kwamba kila mwaka, milimani humu, wako vijana ambao hawana babu aliyekuwa mwalimu, na neno "mzito" lililoandikwa kwenye ripoti ndilo linaloamua maisha yao. Neno hilo ni rahisi kuandika. Linaweka ndani ya mtoto jambo ambalo aghalabu liko katika mzigo aliotwikwa.

Sisi wazee nasi tunahusika. Mwaka 1958 Wayne Kirchner alilitumia jaribio la aina ile ya kukumbuka vitu vya nyuma kuwalinganisha vijana na wazee, akaona wazee wanaachwa mbali kadiri wanavyotakiwa kurudi nyuma hatua zaidi. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2008, Patricia Reuter-Lorenz na Katherine Cappell walieleza jambo la kuvutia. Kwa kazi ndogo, ubongo wa mzee mara nyingi huita sehemu nyingi kuliko wa kijana, na kwa njia hiyo mzee hufanya vizuri sawa na kijana. Lakini kwa kuwa ameshaita wasaidizi wote mapema, kazi ikizidi hana tena wa kumwita. Nilicheka niliposoma, kwa sababu ndivyo ninavyojisikia. Kuhesabu chenji kwenye basi la Lushoto naweza, ila kondakta asinisemeshe. Na dukani sasa nakwenda na karatasi. Vijana wakiniona nayo hudhani nimeanza kupotewa. Ninawaambia kwamba nimeweka mzigo chini ili nipate kuwasalimu vizuri.

Kwa hiyo nawaomba walimu vijana mambo machache. Maelekezo ya hatua sita msiyatoe kwa mdomo kwa pumzi moja. Yaandikeni ubaoni, myaache hapo. Msifute swali kabla watoto hawajamaliza. Anayehesabu kwa vidole mwacheni, huku mkimfundisha jedwali ili siku moja asivihitaji. Lugha ikiwa ngeni, punguzeni ugumu wa hesabu kwanza. Hesabu ikiwa ngumu, rahisisheni lugha. Msiwape milima miwili siku moja. Mtoto akikwama, msimwulize kwa nini haelewi. Mwulizeni ameshika nini mpaka sasa, na nini kimemponyoka. Atawaambieni, kama wa kwangu alivyoniambia.

Na wazazi wenzangu, ripoti ikija na neno baya, kabla hamjamtafutia mtoto kazi sokoni, kaeni naye jioni moja mumwulize swali lile lile kwa lugha ya nyumbani. Akilijibu, mjue kwamba kichwa chake ni kizima, na kilichobaki ni kumfungia kuni zake vizuri na kumpa ngata.